Maji Yanapopungua na Samaki Wanapokufa: Mwongozo wa Kuchunguza Tangi la Bahari Nyumbani

Maji ya bahari yakikauka huiacha chumvi yake nyuma, lakini yakivuja huondoka nayo. Tofauti hiyo, ambayo wavuna chumvi wa Bagamoyo na wa Gongoni huitegemea katika mashamba yao, ndiyo msingi wa uchunguzi wa tangi lolote la maji ya bahari linalofugiwa samaki nyumbani, kwa kuwa humwezesha mfugaji kujua, kabla hajagusa bomba wala kioo, kama maji yaliyopungua yamekwenda hewani au yamekwenda sakafuni. Mwongozo huu unayashughulikia kwa pamoja matatizo mawili ambayo wafugaji wengi huyatenganisha, yaani kuvuja kwa maji na kufa kwa viumbe, kwa sababu mara nyingi la kwanza ndilo linalozaa la pili: tangi linalovuja polepole huweza kuua kamba na matumbawe kabla halijalowesha zulia, na anayekimbilia kupaka silikoni au kumimina dawa kabla ya kupima maji huongeza hasara juu ya hasara.

Kwa ajili ya maelezo, litachukuliwa tangi lenye urefu wa sentimita 120, upana wa sentimita 50 na kimo cha sentimita 50, ambalo likijaa hubeba lita 300 za maji zenye uzito wa zaidi kidogo ya kilo 307, mbali na mawe, mchanga na kioo chenyewe. Ndani ya kabati lililo chini yake huwa na tangi la chini, yaani chombo kidogo kinachopokea maji yanayoshuka kutoka tangi kuu na kuyarudisha juu kwa pampu. Humo ndimo huwekwa hita, ambayo huyapasha maji joto, na skima, ambayo ni mnara wa mapovu unaonasa uchafu na kuupandisha kwenye kikombe cha juu.

Chumvi kama shahidi

Maji ya bahari huwa na wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila kilo, na viumbe wa miamba ya matumbawe wamezoea kiwango hicho. Tangi la mfano likipoteza lita 3 kwa siku kwa kukauka, bila kuongezewa chochote, kiwango hupanda hadi karibu 35.4 siku ya kwanza, na baada ya siku 10, lita 30 zikiwa zimekwenda hewani, hufika karibu 38.9. Likipoteza lita hizohizo kwa kuvuja, bila kuongezewa chochote, kiwango hubaki 35 kama kilivyokuwa, kwa maana maji na chumvi yake vimetoka pamoja. Jambo la hatari zaidi hutokea pale mfugaji, au kifaa cha kujazia maji chenyewe, anapofidia maji yaliyovuja kwa maji baridi yasiyo na chumvi: lita 3 za maji baridi zikiingia kila siku mahali pa lita 3 za maji ya bahari, kiwango hushuka hadi chini ya 32 kwa siku 10. Tangi hilo huonekana limejaa sawasawa muda wote, na kifaa cha kujazia, kilichonunuliwa kwa ajili ya usalama, ndicho kinachouficha ugonjwa.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, iwe tatizo ni sakafu yenye unyevu au ni kamba aliyekutwa amelala ubavu, ni kupima chumvi na kuilinganisha na vipimo vya siku zilizotangulia. Kupanda kwa chumvi huashiria kukauka. Kutobadilika kwake huku kina kikishuka huashiria mvujo. Kushuka kwake huku kina kikibaki palepale huashiria mvujo unaofidiwa kwa maji baridi. Mfugaji asiye na daftari la vipimo hawezi kuufanya ulinganisho huo, na ndiyo maana daftari la senti chache lina thamani kuliko vifaa vingi vya bei kubwa vinavyouzwa madukani.

Kipimo chenyewe nacho hakina budi kuaminika. Haidromita ya plastiki yenye mshale unaoelea hudanganywa na mapovu yanayoganda kwenye mshale pamoja na utando wa chumvi, na kwa sababu hiyo inafaa zaidi kutumia rifraktomita, yaani kifaa kinachopima jinsi mwanga unavyopinda unapopita katika tone la maji. Rifraktomita isirekebishwe kwa maji baridi peke yake, kwa kuwa inaweza kusoma sufuri kwa usahihi na bado ikakosea inapofika 35. Pasipopatikana maji ya kurekebishia yanayouzwa dukani, gramu 36.5 za chumvi safi ya mezani ziyeyushwe katika gramu 963.5 za maji yaliyotoneshwa, na mchanganyiko huo, kwa namna unavyoupinda mwanga, utasomeka sawa na maji ya bahari ya kiwango cha 35.

Kukauka kwenyewe kusidharauliwe. Katika miji ya pwani, wakati wa joto la kaskazi, wafugaji wengi huelekeza feni juu ya uso wa maji ili kuyapoza, na feni hiyo hupunguza joto kwa nyuzi mbili au tatu kwa kuharakisha ukaukaji, kiasi kwamba kina cha maji huweza kushuka kwa kasi inayotia hofu ya mvujo usiokuwepo. Ili kuondoa shaka, beseni pana lijazwe maji, liwekwe kando ya tangi chini ya upepo uleule, na mstari wa kina uwekewe tepu ya karatasi katika vyombo vyote viwili huku kijazio kikiwa kimezimwa. Maji ya tangi, kwa kuwa yana joto zaidi na yanachezachezwa na pampu, yatapungua zaidi kidogo kuliko ya beseni, ila tofauti ikiwa mara mbili au tatu, hapo pana tundu.

Kulifuata tone

Baada ya chumvi kuthibitisha kwamba maji yanatoka, hufuata kazi ya kujua yanatokea wapi, na kazi hiyo huanza kwa kutenganisha maji ya bahari na unyevu wa kawaida. Tone lililokutwa kwenye kabati lisionjwe kwa ulimi, kwa sababu itakayoelezwa baadaye, bali lichukuliwe kwa ncha ya kijiko, liwekwe juu ya sahani nyeusi na kuachwa likauke. Tone la maji yaliyotokana na mvuke ulioganda kwenye kioo huacha doa hafifu au lisiache kitu kabisa, ilhali tone la tangi huacha duara jeupe lenye fuwele ndogo ambazo hung'aa sahani inapoinamishwa kwenye mwanga na kukwaruza zinaposuguliwa kwa ukucha.

Ganda jeupe la namna hiyohiyo huonekana pia kwenye ukingo wa juu wa tangi, kwenye nyaya na kwenye mabano ya taa, pasipo mvujo wowote. Hiyo ni chumvi inayotambaa, yaani matone yanayorushwa na mapovu na kukauka, kisha ganda lao likanyonya maji mengine kama utambi unyonyavyo mafuta, hadi likavuka ukingo na kushuka upande wa nje. Ganda hilo lifutwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na tarehe iandikwe; likirudi juu peke yake, dawa yake ni mfuniko na kupunguza mapovu, na likirudi chini ya mstari wa maji, kwenye maungio ya vioo, hapo ni mvujo wa kweli.

Mfumo wenye tangi la chini una hila yake ya uchunguzi. Pampu ya kurudishia izimwe, maji yaliyo juu ya mdomo wa kushushia yaachwe yashuke, na tepu ya karatasi ibandikwe kwenye mstari ambapo maji yametulia, katika tangi kuu na katika tangi la chini. Katika muda huo pampu ndogo ya kuzungushia maji au ya hewa iendelee kufanya kazi ndani ya tangi kuu, kwa kuwa samaki hawawezi kungoja uchunguzi uishe. Ikipita siku nzima na kina cha juu hakijashuka zaidi ya ukaukaji wa kawaida, kioo cha tangi kuu ni kizima na lawama ziko kwenye mabomba, skima au tangi la chini. Kina kikiendelea kushuka na kisha kikasimama, mstari ule kiliposimamia ndio urefu wa tundu lenyewe, na mchunguzi atatafuta kwa kuzunguka tangi katika urefu huo tu. Kwa tundu dogo sana, vipande vya tishu kavu hupangwa kandokando ya maungio na chini ya kila kiungio cha bomba, na kipande kinacholowa kwanza, kabla maji hayajasambaa, ndicho kinachosema kweli. Sakafu haiaminiki, maana maji hufuata mteremko na huweza kujitokeza mita nzima kutoka yalikoanzia.

Mvujo wa konekta ya tangi, yaani kiungio chenye nyuzi kinachopitisha bomba kwenye tundu la kioo, ndio rahisi kuliko yote kutibiwa. Aghalabu washa ya mpira imewekwa upande wa nati badala ya upande wa kichwa cha konekta, au nati imekazwa kwa spana hadi mpira ukajikunja. Washa isafishwe, irudishwe upande wa kichwa bila kupakwa silikoni, na nati ikazwe kwa mkono, kisha iongezwe robo ya mzunguko tu.

Mvujo wa maungio ya vioo ni jambo zito zaidi. Kupaka silikoni upande wa nje hakufai, kwa kuwa shinikizo la maji husukuma kutoka ndani na kuibandua, na kupaka silikoni mpya juu ya ya zamani hakufai vilevile, kwa kuwa silikoni iliyokwisha kukauka haikubali kushikwa na nyingine. Hakuna njia ya mkato: tangi litolewe maji, silikoni ya ndani ikwanguliwe yote kwa wembe kwenye maungio yote ya ndani, si kwenye kipande kinachovuja peke yake, kioo kifutwe kwa spiriti hadi kitambaa kitoke safi, kisha silikoni halisi isiyotiwa dawa ya kuzuia kuvu ipakwe kwa mkupuo mmoja na kuachwa kwa muda wa siku mbili angalau, na kwa tangi kubwa wiki nzima, kabla ya kujaribiwa kwa maji baridi nje ya nyumba. Kabla ya kulirudisha mahali pake, meza yake ipimwe kwa pimamaji, maana meza iliyoinama huwa ndiyo iliyoyachosha maungio hayo tangu mwanzo.

Ipo aina ya mafuriko ambayo haitokani na tundu lolote. Umeme ukikatika, bomba la kurudishia ambalo mdomo wake umezama ndani ya tangi kuu hugeuka kuwa mrija wa kunyonya, maji yakarudi chini kwa kinyume hadi mdomo ule uchungulie hewani, na tangi la chini likafurika. Wafugaji wengi hufunga vali ya njia moja na kuiamini, lakini vali hiyo hukwamishwa na konokono mdogo au chembe ya mchanga, kwa hiyo kinga ya kutegemewa ni kutoboa kitundu kidogo kwenye bomba, chini kidogo tu ya uso wa maji, ili hewa iingie mapema na kuukata mnyonyo. Mfumo mpya ujaribiwe kwa kuzima swichi makusudi mchana, mfugaji akiwa amesimama karibu na ndoo, na mstari wa juu kabisa ambao tangi la chini linaruhusiwa kujazwa uchorwe kwa wino usiofutika.

Saa za mwanzo

Tangi likivuja kwa nguvu, umeme ukatwe ukutani kwa mkono mkavu kabla ya mkono wowote kuingia majini, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na hita iliyobaki wazi nje ya maji ikiwa moto huweza kupasuka. Nyumba yenye tangi la bahari iwe na swichi ya usalama inayokata umeme wenyewe unapovuja kwa kiwango cha miliampia 30, na kila waya ushushwe kwa kitanzi kinachoning'inia chini ya soketi, ili tone linaloufuata lianguke sakafuni badala ya kuingia kwenye plagi.

Maji yanayotolewa yasimwagwe. Yahifadhiwe katika ndoo zisizowahi kutiwa sabuni, kwa sababu ndiyo maji ambayo viumbe wameyazoea na hayapatikani mengine kwa haraka. Samaki na kamba wawekwe katika ndoo moja au mbili zenye jiwe la hewa na mfuniko, na mawe yafunikwe kwa maji au walau kwa taulo iliyoloweshwa maji ya tangi, maana ndani ya vinyweleo vyake huishi bakteria wanaosafisha mfumo mzima. Mchanga uachwe palepale. Mchanga wa kina kirefu huwa na tabaka jeusi lisilo na hewa, na tabaka hilo likivurugwa hutoa gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai bovu, ambayo kiasi kidogo chake hutosha kuua ndoo nzima ya samaki walionusurika na mvujo.

Nani ametangulia kufa

Pindi vifo vinapotokea, swali lenye faida zaidi kuliko jina la ugonjwa ni nani ametangulia, na kwa mwendo gani. Samaki wa bahari hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi ya ziada kupitia matamvua yake, yaani viungo vyake vya kupumulia, kwa hiyo huvumilia mabadiliko ya chumvi kwa kiasi fulani. Kamba, kiti cha pweza, konokono na matumbawe hawana uwezo huo, na maji ya mwilini mwao hufuata maji yanayowazunguka. Wasio na uti wa mgongo wakifa huku samaki wakiendelea kula, mfugaji afikirie kwanza chumvi iliyoyumba, na hapo arudi kwenye daftari na kwenye mvujo, kisha afikirie sumu ya metali au ya wadudu. Samaki wakifa huku kamba wakitembea kama kawaida, afikirie vimelea. Wote wakianguka kwa saa chache, ni hewa, joto au sumu.

Hewa ndiyo inayosahauliwa zaidi. Maji ya bahari yenye nyuzi joto 25 hayawezi kubeba zaidi ya takriban miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita, wakati maji baridi ya joto hilohilo hubeba takriban 8.2, na ya bahari yakipata joto la nyuzi 30 hushuka hadi karibu 6.2. Usiku mwani na viumbe wote huvuta oksijeni pasipo yeyote kuizalisha, hivyo kiwango cha chini kabisa hufikiwa kabla ya alfajiri, na samaki wanaokutwa wamekufa asubuhi mfululizo, wakubwa na wenye mbio kama kangaja wakiwa wa kwanza, huwa wamekosa pumzi. Umeme unapokatika usiku wenye joto, muda ni mfupi zaidi. Pampu ndogo ya hewa inayotumia betri iwepo nyumbani siku zote, na pasipo na pampu, maji yachotwe kwa jagi na kumiminwa kutoka juu kila baada ya dakika chache. Kichujio cha mkebe uliofungwa kisiwashwe mara tu umeme unaporudi. Bakteria wake huwa wamekufa kwa kukosa hewa, na maji machafu yaliyolala ndani yake yakisukumwa tangini huua waliosalia. Kifunguliwe na kusafishwa kwa maji ya bahari kwanza.

Amonia, yaani sumu itokanayo na kinyesi, mabaki ya chakula na miili inayooza, ndiyo ya pili kupimwa. Katika tangi lililokomaa, bakteria huigeuza kuwa nitriti na kisha nitrati, ambayo haina madhara makubwa, na kuwaotesha bakteria hao katika tangi jipya huchukua kwa kawaida wiki nne hadi sita. Kipimo chochote cha amonia kilicho juu ya sufuri katika tangi la zamani kina maana kwamba kuna kitu kimekufa mahali pasipoonekana, au bakteria wameuawa, na hatua ni kubadilisha robo hadi nusu ya maji kwa maji mapya yenye chumvi na joto lilelile, kisha kuinua mawe mojamoja hadi mzoga upatikane. Kuna kosa la kumlaumu mnyoo wa bahari au kaa anayekutwa juu ya mzoga. Viumbe hao ni wazikaji, na mara nyingi mwili wa samaki mdogo huliwa wote usiku mmoja, kiasi kwamba asubuhi panabaki pengo tu. Kabla ya kumtafuta muuaji wa samaki aliyepotea, nyuma ya kabati paangaliwe, kwa kuwa samaki wengi huruka, na tangi lisilofunikwa kwa wavu halijui idadi yake.

Sumu zilizomo nyumbani

Wafugaji wa Afrika ya Mashariki wanakabiliwa na hatari ambayo vitabu vya nchi za baridi huigusa kijuujuu, nayo ni dawa ya kupulizia mbu na mende. Viambato vya dawa hizo, vya jamii ya pirethroidi, ni sumu kali kwa samaki na zaidi kwa kamba na kaa, ambao ni ndugu wa karibu wa wadudu wanaokusudiwa kuuawa, na pampu ya hewa iliyoko chumbani huvuta dawa hiyo na kuipuliza moja kwa moja majini. Chumba chenye tangi kisipulizwe kabisa. Ikilazimu, pampu ya hewa ihamishiwe kwa mpira mrefu hadi chumba kingine na tangi lifunikwe kwa nailoni. Kamba wanaorukaruka bila mwelekeo na kulala chali muda mfupi baada ya chumba kupulizwa hawahitaji kipimo kingine. Mkaa amilifu, yaani mkaa uliotengenezwa maalumu kwa kunasa kemikali, utiwe kwenye kichujio papo hapo na maji yabadilishwe kwa wingi.

Maji ya mvua yaliyokingwa kutoka paa la mabati hubeba zinki, na viungio vya shaba kwenye mabomba ya nyumba hutoa kopa, yaani shaba iliyoyeyuka majini, ambayo wasio na uti wa mgongo hawaivumilii hata kwa kiasi kidogo sana. Maji ya bomba nayo huwa na klorini. Mfugaji anayechota maji baharini mwenyewe, ambayo ni njia nzuri kwa wakazi wa pwani, asichote wakati wa masika karibu na midomo ya mito kama Sabaki au Rufiji, wala ndani ya hori linalopokea maji ya mitaro ya mji, bali achote maji yakiwa yamejaa, mahali penye mkondo wa bahari kuu, na ayapime chumvi kabla ya kuyatumia.

Baadhi ya sumu hutoka kwa viumbe wenyewe. Jongoo bahari akinaswa na pampu au akifa tangini huweza kumwaga sumu inayoua samaki wote kwa saa chache, na kwa hiyo kumweka katika tangi dogo ni kujitafutia msiba. Baadhi ya viumbe wa jamii ya Palythoa, waotao juu ya mawe kama vifungo laini vya kahawia, wana palitoksini, ambayo ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazojulikana duniani, na inamdhuru binadamu pia. Jiwe lenye viumbe hao lisichemshwe kamwe ili kulisafisha, kwani mvuke wake umewahi kuwalaza hospitalini watu wa nyumba nzima, na lisishikwe kwa mkono wenye kidonda. Hii ndiyo sababu tone la tangi halionjwi.

Vimelea na subira

Samaki mwenye vidoa vyeupe vya ukubwa wa chembe ya chumvi, anayejisugua kwenye mawe, huwa ameingiliwa na Cryptocaryon irritans, kimelea ambaye hukaa mwilini kwa siku tatu hadi saba, kisha hujidondosha, hujifungia kwenye mchanga, na huachilia wengine wengi baada ya siku au wiki kadhaa. Kutoweka kwa vidoa, basi, si kupona, na dawa nyingi zimepata sifa zisizo zake kwa sababu zilitiwa siku ile kimelea alipokuwa akiondoka mwenyewe. Samaki mwenye vumbi laini la rangi ya dhahabu, anayepumua kwa haraka na kusimama mbele ya mkondo wa pampu, ana Amyloodinium, ambaye huua kwa siku chache. Dalili yake hufanana na ya kukosa hewa, lakini aliyekosa hewa hupata nafuu muda mfupi baada ya kuongezewa mapovu, na huyu hapati.

Tiba iliyothibitika kwa wote wawili ni kopa, kwa kiwango cha miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita kwa aina ya kawaida, kinachopimwa kila siku, katika tangi tupu la karantini lisilo na mawe wala mchanga. Kopa isitiwe katika tangi kuu kwa hali yoyote: mawe huinyonya, kipimo huyumba, na kamba na matumbawe hufa. Samaki wote, hata wasioonyesha dalili, wahamishiwe karantini, na tangi kuu liachwe bila samaki kwa siku 76, muda ambao wafugaji waangalifu wameuchukua kwa kuwa vifuko vya Cryptocaryon vimewahi kuonekana vikidumu hadi siku 72. Kamba, konokono na matumbawe hubaki humo, wakilishwa kidogo, na bakteria huendelea kuishi.

Samaki wapya waliosafirishwa kwenye mifuko, ambao nao huanzia karantini, wanadai uangalifu wa aina nyingine, ambao desturi ya kuwadondoshea maji polepole kwa saa nyingi huukosa. Katika mfuko uliofungwa, kaboni dioksidi wanayoitoa hushusha pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji, na kwa uasidi huo amonia iliyokusanyika hubaki katika umbo lisilodhuru sana. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dioksidi hutoroka, pH hupanda, na amonia ileile hugeuka kuwa sumu huku samaki akiwa bado ndani yake. Samaki wa safari ndefu asawazishwe joto mfuko ukiwa umefungwa, na maji ya karantini yawe yameandaliwa kwa chumvi inayolingana na ya mfuko, ili mfuko unapofunguliwa ahamishwe mara moja, na maji ya mfuko yamwagwe.

Baada ya siku ya 76 tangu tangi kuu liachwe bila samaki, warudishwe samaki mmoja au wawili walio wapole zaidi, jioni, taa zikiwa zimezimwa na wavu wa juu ukiwa umefungwa, na wanaofuata wangojee wiki mbili ili bakteria waongezeke kwa kadiri ya mzigo. Asubuhi ya kwanza, kabla ya chakula, tishu kavu ipitishwe kwenye maungio yaliyokarabatiwa, kina cha maji kilinganishwe na tepu, na chumvi, joto na amonia viandikwe kwenye daftari kwa tarehe yake.